SOMO LA UFUNDI: KUBADILISHA BERINGI YA GURUDUMU LA NYUMA KWA VIFAA VYA KUJITENGENEZEA

Leo tunashughulikia gurudumu la nyuma, na hasa beringi yake. Somo hili linawafaa vikundi vyenye gari la pamoja, vijana wanaojifunza umekanika, na kila mwenye gari la zamani linalobeba watu na mizigo katika barabara zetu za vumbi na matope.

Tunafundisha kwa kutumia ekseli ya nyuma iliyo ngumu, yaani bomba moja la chuma lenye difu katikati na hafu-shafti mbili, moja kila upande. Mfano mzuri ni Toyota Corolla ya E70, ile watu huita DX, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1979. Magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma yana mpango wa kufanana na huo, ingawa yanatofautiana katika mambo madogo. Magari ya siku hizi kama Probox isiyo ya four-wheel ni kitu kingine: beringi na hab ni kipande kimoja kinachoshikwa kwa bolti, unafungua cha zamani na kufunga kipya. Hayo hayahitaji somo hili.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili msomaji aweze:

1. Kutambua beringi iliyokufa kabla haijaleta ajali.
2. Kutengeneza vifaa vitano rahisi kwa vyuma chakavu.
3. Kutoa beringi na kuweka nyingine bila kuiua mpya.
4. Kujua ni wakati gani kazi hii iondoke nyumbani na ipelekwe kwa fundi mwenye mashine.

Hiyo shabaha ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nasi tutaeleza kwa nini.

KWANZA, TUELEWE KINACHOSHIKA GURUDUMU

Gurudumu limefungwa kwenye sahani iliyo mwisho wa hafu-shafti. Ile hafu-shafti inaingia ndani ya bomba la ekseli mpaka kwenye difu. Sasa tujiulize: ni nini kinachoizuia isitoke nje pamoja na gurudumu gari likiwa mwendoni? Watu wengi hudhani ni difu inayoishika. Sivyo. Katika ekseli ya aina hii, kinachoshika ni beringi pamoja na pete nene ya chuma iliyobanwa nyuma yake, ambayo mafundi huiita kola. Beringi imezuiwa na bamba lenye matundu manne lililofungwa kwa nati nne mwisho wa ekseli. Kola inaizuia hafu-shafti isichomoke ndani ya beringi.

Kola haina nati wala pini. Inashika kwa sababu tundu lake ni dogo kidogo kuliko shafti yenyewe. Kola ikilegea, au beringi ikivunjika, hafu-shafti inaweza kutoka nje na gurudumu lake, na dramu ya breki inakwenda nayo. Ndugu msomaji, hebu fikiria jambo hilo likitokea kwenye mteremko, akina mama wakiwa nyuma na mizigo yao ya soko. Kwa hiyo hii kazi si ya kubahatisha.

DALILI ZA BERINGI INAYOKUFA

Dalili ya kwanza ni sauti. Gari linanguruma, na mngurumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Tairi zilizolika vibaya nazo hunguruma, lakini sauti ya tairi hubadilika ukitoka lami na kuingia murram, ya beringi haibadiliki sana. Ukikata kona ya kulia, uzito wa gari huhamia upande wa kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto, na kinyume chake.

Dalili ya pili ni joto. Baada ya mwendo wa kilomita kumi hivi bila kutumia breki sana, karibisha kiganja upande wa nyuma kwenye rimu zote mbili za nyuma. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, kuna neno. Huenda ni beringi, au ni breki inayoshika.

Dalili ya tatu ni mchezo wa gurudumu. Gari likiwa limeinuliwa vizuri, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Linganisha na upande wa pili. Kisha lizungushe kwa mkono ukiwa umeshika springi kwa mkono mwingine. Beringi mbovu utaisikia ikikwaruza vidoleni.

Dalili ya nne ni mafuta ya difu yanayotoka kwenye dramu na kulowesha tairi upande wa ndani. Hapo sili imekwisha, na mara nyingi imeharibiwa na beringi iliyolegea. Ukikuta shuu za breki zimelowa mafuta, usijidanganye kuziosha kwa petroli. Mafuta yameshaingia ndani. Nunua mpya, na ubadilishe pande zote mbili ili gari lisivute upande mmoja ukifunga breki.

KWA NINI BERINGI HUFA MAPEMA

Maji ya mto na matope hupenya kwenye sili na kuharibu grisi. Lakini adui mkubwa ni mzigo. Wahandisi wanayo kanuni ya beringi za gololi: ukiongeza mzigo mara mbili, maisha ya beringi hayapungui nusu tu, hupungua hadi karibu sehemu moja ya nane. Beringi ambayo ingekwenda kilomita 80,000 itakwenda kama kilomita 10,000. Kwa hiyo kikundi kinachopakia magunia kupita kiasi kwa kutafuta faida ya leo kinakula spea za kesho.

VIFAA VITANO VYA KUJITENGENEZEA

Mbali na spana, jeki na nyundo za kawaida, tengenezeni hivi vifuatavyo. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea ataweza kuvimaliza kwa siku moja.

(a) Nyundo ya kuteleza. Chukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 8 au 10. Toboa matundu mawili yanayolingana na skrubu mbili za gurudumu zinazotazamana. Katikati chomelea nondo laini ya milimita 16, urefu wa sentimita 60. Tafuta kipande kizito cha chuma cha kama kilo 3, ukitoboe katikati ili kiteleze kwenye nondo, kisha chomelea nati kubwa mwishoni ili kisitoke. Ukikivuta kwa nguvu kikagonga nati, kinavuta shafti nje. Wengine hugeuza dramu ya breki na kuipigia humo. Inaweza kukubali, lakini dramu ni chuma cha kumimina, na ikipata ufa hutauona mpaka siku ya kufunga breki.

(b) Bomba la kupigia. Hili ndilo moyo wa somo letu. Ni bomba linalovaa juu ya hafu-shafti kuanzia upande wa meno, refu kuipita shafti kutoka beringi mpaka mwisho. Mdomo wake lazima ukatwe sawasawa kama ulivyokatwa na mashine, na ulainishwe kwa tupa. Juu chomelea bamba la kupigia. Bomba la maji la inchi moja na robo lina upana wa nje wa milimita 42 hivi, na wa ndani karibu 36. Kwa kawaida linafaa beringi yenye tundu la milimita 30 au 35. Lakini pima ya gari lako: bomba liguse ringi ya ndani ya beringi peke yake.

(c) Viti viwili vya kuegemeza. Ni vipande viwili vya chaneli nzito vilivyowekwa juu ya magogo mawili imara, na nafasi kati yake ya kupitisha shafti.

(d) Karai la mchanga. Mchanga mkavu uliochujwa, jiko la makaa, na kipande cha waya wa kulehemu redio. Matumizi yake tutayaona.

(e) Mizani ya kukazia nati. Wachache wana spana ya kupimia nguvu. Lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya springi ya sokoni, inatosha. Kitabu cha gari kikisema nyutoni-mita 60, tumia spana yenye urefu wa nusu mita, nasa mizani mwishoni, uvute kwa pembe mraba mpaka isome kilo 12 na kidogo. Urefu wa nusu mita upimwe kutoka katikati ya nati.

KANUNI MOJA YA KUKUMBUKA

Beringi ina ringi ya ndani, ringi ya nje, na gololi katikati. Nguvu ya kuingiza beringi mpya ipitie kwenye ringi ile ile inayobana. Hapa inayobana ni ya ndani, kwa sababu inakaa kwenye shafti. Ukipiga ringi ya nje, pigo linapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha kishimo kidogo kwenye njia yake. Hutakiona kwa macho. Gari litatoka nyumbani kimya, na baada ya wiki chache mngurumo utarudi. Ndipo utasikia mtu akisema, "Spea za siku hizi ni feki." Ni kweli feki zipo, lakini beringi nyingi huuawa na nyundo kabla hazijaona barabara.

Mwenye vifaa vya bei ghali akikosa kuifuata kanuni hii ataharibu. Mwenye bomba la maji akiifuata, kazi yake itadumu.

KUNUNUA BERINGI

Safisha beringi ya zamani usome namba yake. Katika beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hukupa tundu lake kwa milimita. Mfano 6306: 06 mara 5 ni milimita 30. Herufi 2RS maana yake imefunikwa kwa mpira pande zote mbili, ZZ imefunikwa kwa bati, na C3 maana yake ina nafasi ya ndani kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Kama ya zamani iliandikwa C3, usikubali isiyo C3. Nunua pia kola mpya na sili mpya. Kola ya zamani haitumiki tena, hata kama inaonekana nzuri.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1: Kuegemeza gari. Sasa hapa tusikilizane vizuri. Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, na lazima uilegeze ili dramu itoke. Gia nayo haisaidii, kwa sababu gurudumu moja la nyuma likiwa hewani difu inaliacha lizunguke, na gari linaweza kutembea. Basi kinachoshika gari ni mawe au vigingi kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila moja. Weka gari mahali tambarare, legeza nati za gurudumu likiwa bado chini, inua, kisha egemeza ekseli juu ya stendi au gogo pana la mbao ngumu. Usiegemeze kwa matofali, maana hupasuka ghafla. Jeki peke yake si egemeo. Watoto wawe mbali.

Hatua ya 2: Kutoa dramu. Vumbi la shuu za breki, hasa za magari ya zamani, linaweza kuwa na asbesto inayodhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa ukizike. Dramu ikikataa, tazama kama ina matundu mawili yenye nyuzi, kama zilivyo dramu nyingi za Toyota. Ingiza bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe.

Hatua ya 3: Kufungua nati nne. Sahani ya hafu-shafti ina tundu la kupitishia spana. Izungushe mpaka uifikie kila nati. Weka sufuria chini, mafuta ya difu yatamwagika kidogo. Ukiwa umeinua upande huo tu, mengi yatabaki upande wa pili.

Hatua ya 4: Kuvuta hafu-shafti. Funga nyundo ya kuteleza na uvute kwa mapigo mafupi. Shafti ikianza kuja, acha nyundo, itoe kwa mikono ukiiinua ili isikwaruze ndani. Angalia bamba la breki lisije nayo na kupinda bomba la mafuta ya breki. Kama linalegea, lishikilie kwa nati mbili.

Hatua ya 5: Kukata kola. Vaa miwani. Toboa kola kwa drili, au ikate kwa grainda, mpaka robo tatu ya unene wake. Usifike kwenye shafti. Kisha weka patasi ya chuma kwenye mkato na upige mara moja au mbili. Kola itapasuka na kulegea. Mkwaruzo mmoja wa grainda kwenye shafti ndio mwanzo wa ufa, na ufa ndio mwanzo wa kuvunjika. Usiipashe moto wa gesi, maana joto jingi linaharibu ugumu wa shafti.

Hatua ya 6: Kutoa beringi ya zamani. Ingiza vile viti viwili kati ya sahani na beringi, meno ya shafti yakiwa juu. Weka kipande cha shaba au mbao ngumu juu ya meno, upige kwenda chini. Mwenzako ashike shafti isianguke miguuni. Beringi hii imekwisha, kwa hiyo haidhuru ukiisukuma kwa ringi yoyote. Lakini ifunike kwa gunia, kwa sababu chuma chake ni kigumu kama kioo na vipande vyake huruka.

Hatua ya 7: Kuchunguza. Osha shafti kwa mafuta ya taa, uipanguse ikauke. Tazama mahali pa beringi, mahali pa kola, na mahali sili inapogusa. Kama pana mfereji unaoshika ukucha, alama ya bluu ya kuungua, au ufa, simama hapo. Ilaze shafti kwenye mbao mbili zilizokatwa umbo la V, uweke msumari karibu uiguse, kisha uizungushe. Nafasi ikifunguka na kufunga waziwazi, shafti imepinda.

Hatua ya 8: Kubadilisha sili. Toa ya zamani kwa bisibisi bila kuchubua nyumba yake. Ingiza mpya ikiwa sawasawa, kwa kipande cha mbao bapa. Mdomo wenye springi uelekee difu, na upakwe grisi kidogo.

Hatua ya 9: Kuingiza beringi mpya. Simamisha shafti juu ya mbao mbili imara, sahani ikiwa chini. Kabla ya kitu kingine chochote, ingiza lile bamba lenye matundu manne. Wanaolisahau hulazimika kuanza kazi yote upya, tena kwa kununua kola nyingine. Kama kulikuwa na washa au gaskiti, irudishe mahali pake. Kisha ingiza beringi, weka bomba, na upige taratibu katikati ya bamba la juu. Sauti itakuambia: ikifika mwisho, pigo linabadilika na kuwa kavu. Acha hapo. Beringi yenye sili za mpira usiipashe moto, kwani mpira na grisi vitaharibika.

Hatua ya 10: Kola. Jaribu kwanza kola ikiwa baridi. Inatakiwa ikatae. Ikiingia kwa mkono, usiitumie. Sasa ifukie kwenye mchanga mkavu juu ya jiko. Kola itakiwe joto la kama digrii 150. Chuma kinapanuka: tundu la milimita 30 likipashwa kutoka digrii 20 hadi 150 linaongezeka karibu milimita 0.05, na hiyo ndiyo nafasi tunayoitafuta. Utapimaje bila kipimajoto? Tone la maji likiguswa kwenye kola litapiga kelele na kutoweka papo hapo. Kisha gusisha waya wa kulehemu redio wa bati na risasi, ule wa 60/40, ambao huyeyuka karibu digrii 183. Usipoyeyuka, uko salama. Ukiyeyuka, umepita kipimo. Toa kola ipoe kidogo. Usitumie waya usio na risasi, kwa sababu wenyewe huyeyuka kwenye joto la juu zaidi.

Pangusa kola na shafti zisiwe na mafuta wala mchanga. Vaa glavu za ngozi, shika kola kwa koleo, upande usiokatwa pembe uelekee beringi, uidumbukize na uisukume kwa bomba mara moja bila kusita. Ishikilie imeegemea beringi, uhesabu polepole hadi mia. Ikishapoa, karatasi ya daftari isipite kati ya kola na beringi. Kidole kimoja hakivunji chawa: hapa mnahitajika wawili, mmoja wa kola na mmoja wa bomba.

Hatua ya 11: Kurudisha. Ingiza shafti ukiibeba, meno yasikwaruze mdomo wa sili. Kaza nati nne kwa kupishana, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha kitabu cha gari. Rudisha dramu na gurudumu. Ongeza mafuta ya difu, GL-5 ya SAE 90 kwa Corolla hii, mpaka yafike kwenye mdomo wa tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa.

Hatua ya 12: Kujaribu. Jaribu breki kwanza, gari likienda mwendo wa kutembea. Halafu nenda kilomita tano bila abiria, rudi uguse rimu, utazame kama mafuta yanavuja, na ukaze nati za gurudumu tena. Baada ya kilomita 100 rudia ukaguzi huo. Abiria wapande baada ya hapo.

MAHALI PA KUSIMAMA

Tulisema shabaha ya nne ndiyo kubwa. Mambo haya yakitokea, kazi imekwisha kuwa ya fundi mwenye mashine, au ya kununua hafu-shafti nyingine:

- Beringi mpya inaingia kwenye shafti kwa mkono. Shafti imelika.
- Kola inaingia ikiwa baridi.
- Shafti ina ufa, mfereji, au imepinda.
- Nyumba ya beringi mwisho wa ekseli imelika, na ringi ya nje inacheza ndani yake.

Najua utasikia njia za mkato, kwani kila kijiji kina mtu wake anayezijua. Moja ni kuipiga shafti vitundu kwa senta panchi ili chuma kivimbe na beringi ishike. Itashika siku chache, kwenye ncha za vile vitundu tu, kisha italegea tena. Nyingine, iliyo mbaya zaidi, ni kuichomelea kola kwenye shafti. Watu wanaipenda kwa sababu inaonekana ngumu: "Hii haitoki tena!" Lakini joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha shafti mahali pale pale panapobeba uzito wote. Kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na ufa huanzia pembeni mwa ule mshono. Haitoki kola, inakatika shafti. Na shafti ikikatika nje ya kola, gurudumu halina cha kulishika.

Ukikuta shafti imechomelewa hivyo na mtu aliyetangulia, usiitengeneze. Ibadilishe. Na gari lililochomelewa hivyo usiliuze bila kumwambia mnunuzi. Wenye kulipanda hawajui kilicho chini ya sakafu, wanamwamini aliye mbele na aliyelitengeneza.

USHAURI KWA VIKUNDI

Si lazima kila mtu awe na vifaa hivi. Tunashauri kila kikundi kitengeneze seti moja, kiiweke parokiani au mahali pengine pa pamoja, na kiwe na daftari la kuazimisha. Daftari hilo liandikwe pia gari lililotengenezwa, upande gani, namba ya beringi, tarehe, na kilomita. Beringi ikifa mapema, daftari litawaonyesha kama ni mzigo, maji, spea au mkono wa fundi. Kifaa kikirudishwa kimepinda, kama vile bomba lenye mdomo uliobonyea, kitengenezwe kabla ya kuazimwa tena, kwa sababu bomba lililopinda hupiga upande mmoja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika ekseli tuliyoieleza, ni nini kinachoizuia hafu-shafti isitoke nje? Waliodhani ni difu waelezwe na wenzao.
2. Kwa nini gia na breki ya mkono hazitoshi kulishika gari katika kazi hii?
3. Mtu ameingiza beringi kwa kupiga ringi ya nje, na gari halina sauti yoyote. Je, kazi ni nzuri?
4. Chukueni beringi yoyote ya zamani. Someni namba yake na mtaje tundu lake kwa milimita. Kisha pimeni mwone kama mmepata.
5. Gari la kikundi lina safari ya mazishi kesho asubuhi, watu kumi na wawili wanalisubiri. Leo saa kumi na mbili jioni mnagundua kola inaingia kwa mkono, na maduka ya spea yamefungwa. Fundi jirani yuko tayari kuichomelea. Mtawaambia nini wale watu kumi na wawili, na nani atakayewaambia?

Swali la tano msilijibu haraka. Lijadilianeni sasa, kabla ya jioni kama hiyo kuwafikia.